Sacramento, Donner au Promontory: ukiwa na siku moja tu, wapi utawafahamu Wachina waliojenga reli ya Marekani?

Kutoka Sacramento, California, reli ya zamani ya Central Pacific ilipanda milima ya Sierra Nevada, ikashuka na kukata jangwa la Nevada, ikaishia Promontory, Utah. Ni kilomita zipatazo 1,110, zilizojengwa kati ya 1863 na 1869, na karibu tisa katika kila vibarua kumi walioijenga walikuwa Wachina. Leo kuna sehemu tatu ambazo msafiri wa kawaida anaweza kwenda kuwatafuta watu hao: jumba la makumbusho ya reli mjini Sacramento, mahandaki ya Donner kule mlimani, na hifadhi ya Promontory, palipopigiliwa msumari wa dhahabu kuadhimisha kukutana kwa reli mbili, hii na ile iliyotoka mashariki. Kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni safari ya siku nzima kwa gari, kwa hiyo mwenye siku moja au mbili hana budi kuchagua.

Chaguo langu nalitaja mapema: kama ni majira ya joto na miguu yako haina shida, nenda Donner. Promontory ndiyo yenye jina kubwa, na watoto wa shule nchini humo hufundishwa habari zake. Lakini ukienda Promontory hujui yaliyotokea mlimani, utarudi umeiona sherehe na hujaiona kazi.

Kabla ya kulinganisha, inafaa kujua walikuwa akina nani, maana hilo ndilo linaloamua mahali gani pana thamani zaidi.

Wengi walitoka mkoa wa Guangdong, kusini mwa China, hasa katika wilaya nne zinazopakana: Taishan, Kaiping, Xinhui na Enping. Kwao kulikuwa na vita, njaa na ardhi finyu. Wengine walikuwa California tayari tangu miaka ya kusaka dhahabu. Wengine waliletwa na mawakala, wakavuka Pasifiki kwa nauli ya mkopo iliyokatwa kidogokidogo kwenye mshahara. Kampuni haikuwataka mwanzoni. James Strobridge, msimamizi mkuu wa ujenzi, hakuamini kwamba watu wenye miili midogo vile wangeiweza kazi ya mwamba. Ila vibarua wa Kizungu walikuwa wakiajiriwa leo, kesho wamekimbilia migodi ya fedha Nevada. Mwaka 1865 Charles Crocker, mmoja wa wakubwa wanne wa kampuni, alisisitiza wajaribiwe Wachina wapatao 50. Baada ya muda mfupi kampuni ilikuwa inaagiza maelfu.

Walianza kwa dola 26 kwa mwezi, baadaye zikawa 30 na kidogo. Mzungu alilipwa dola 35, na chakula chake kilikuwa juu ya kampuni. Mchina alijilisha mwenyewe. Waligawanywa katika vikundi vya watu kumi na wawili hadi ishirini, kila kikundi na mpishi wake na kiongozi wake. Walikula wali, samaki wakavu, mboga na nyama ya nguruwe, na kutwa nzima walinywa chai vuguvugu iliyobebwa kwa mizega hadi mahali pa kazi. Maji yalichemshwa kwa ajili ya chai, hivyo kuhara kulikowaangusha wengine kuliwapata wao kwa nadra.

Siku ya malipo, fedha za kikundi kizima alikabidhiwa kiongozi. Ndiyo maana vitabu vya mishahara vina majina ya viongozi tu, kama Hung Wah, anayeonekana humo tangu Januari 1864, hata kabla ya jaribio la wale 50. Maelfu waliokuwa nyuma ya viongozi hao hawakuandikwa. Hakuna hata barua moja au shajara ya kibarua wa Kichina wa Central Pacific iliyokwisha kupatikana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliitafuta kwa miaka kuanzia 2012, hadi vijijini Guangdong, bila kuipata. Kwa sisi tuliolelewa na habari za reli ya Uganda hilo halishangazi: wale Wahindi zaidi ya 30,000 waliotoka Mombasa mwaka 1896 wakafika ziwani 1901 nao tunawajua zaidi kwa hesabu na kwa simba wa Tsavo kuliko kwa majina. Watu wasio na maandishi inabidi uwasome katika kile walichokigusa. Hicho ndicho kipimo nilichotumia kupima sehemu hizi tatu.

Donner: mwamba wenyewe

Mahandaki yako kwenye kilele cha njia ya Donner, kimo cha mita 2,100 hivi, kama kilomita 145 kutoka Sacramento kwa barabara kuu ya I-80. Unatoka kwenye barabara kuu, unashika ile ya zamani inayoitwa Old Highway 40, unaegesha gari na kutembea.

Lililo kubwa kuliko yote ni handaki namba 6, lenye urefu wa mita 506, ndani ya itale. Kibarua mmoja alishika tindo na wenzake wawili wakaipiga kwa nyundo kwa zamu, tundu likazama kiasi cha kujazwa baruti, kisha wote wakakimbia. Kwa baruti ya kawaida mwamba ulikubali kama sentimita 30 kwa siku. Ili kuharakisha, walichimba shimo la wima kutoka juu hadi katikati ya njia, kina cha zaidi ya mita 20, wakashuka humo na kuchimba kwenda pande zote mbili, huku wengine wakichimba kutoka nje kwenda ndani. Kwa hiyo handaki moja lilikuwa na sehemu nne za kazi, usiku na mchana, kwa zaidi ya mwaka. Mwaka 1867 kampuni ikaanza kutumia nitrogliserini, kilipuzi kikali kuliko baruti, iliyotengenezwa palepale mlimani na mkemia James Howden, kwa kuwa kuisafirisha kulikuwa kumeshaua watu San Francisco. Pande zilipokutana Agosti mwaka huo, zilikuwa zimepishana kwa sentimita chache tu.

Ukiingia na tochi leo unayaona matundu ya tindo ukutani. Unaweza kuweka kidole ndani yake. Hakuna sanamu wala kioo kati yako na kazi ya mikono yao, na kwangu hilo peke yake linatosha kuipandisha Donner juu ya nyingine.

Halafu kuna ukuta ambao wenyeji wanauita China Wall, mashariki kidogo, kati ya handaki namba 7 na 8. Ni mawe yaliyochongwa na kupangwa bila udongo wala saruji kuziba korongo, urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 20, na juu yake zilipita garimoshi nzito kwa zaidi ya karne moja. Uangalie kutoka chini, barabarani, kabla ya kupanda. Ukisimama juu yake hutaelewa ukubwa wake.

Majira ya baridi ya 1866 na 1867 yaliwakuta humu. Mhandisi aliyekuwapo alihesabu dhoruba 44. Theluji ilifunika kambi hadi watu wakachimba njia ndani yake, wakawa wanatoka kulala kwenda kazini na kurudi bila kuona jua. Maporomoko ya theluji yalizoa kambi usiku. Miili mingine haikupatikana hadi theluji ilipoyeyuka, na kwa taarifa za wakati ule baadhi yao walikutwa bado wameshika zana. Kampuni haikuweka hesabu ya wafu wa Kichina. Mwaka 1870 gazeti moja la Sacramento liliandika kwamba treni ilipita imebeba mifupa ya watu wapatao 1,200, ikipelekwa kuzikwa kwao kama desturi yao ilivyotaka. Wanahistoria wanabishana juu ya idadi hiyo. Kwamba mifupa ilirudishwa, hilo halibishaniwi.

Hapa mlimani ndipo walipogoma pia, na watu wengi wanaokuja Donner hawalijui hilo. Tarehe 25 Juni 1867, Wachina wapatao 3,000 waliweka zana chini kwa pamoja kwenye kambi zilizotapakaa kilomita nyingi. Walidai dola 40 kwa mwezi, saa kumi za kazi nje, na saa nane ndani ya mahandaki. Hawakufanya fujo, Crocker mwenyewe alikuja kushuhudia baadaye jinsi walivyotulia. Naye alijibu kwa kukata chakula. Juu ya mlima ule hakuna duka wala shamba, na kila gunia la mchele lilipita mikononi mwa kampuni. Mgomo ulidumu kama wiki moja. Anayesema Wachina walikuwa vibarua watiifu wasiolalamika, mpeleke Donner umsimulie akiwa amesimama palepale.

Sasa kasoro zake, na si ndogo. Treni ziliacha kupita humu mwaka 1993 na reli zikang'olewa, lakini mahali penyewe bado ni mali ya kampuni ya reli ya Union Pacific. Si hifadhi ya taifa. Hakuna mlinzi, choo cha uhakika wala mtu wa kukueleza, kwa hiyo soma mabango ya siku hiyo na uyafuate. Kuta zimechorwa rangi na wahuni kwa mita nyingi, jambo linalotia uchungu. Mwaka 2021 shirika la National Trust la kuhifadhi urithi liliyaweka mahandaki haya na eneo la kambi yao katika orodha ya sehemu 11 zilizo hatarini zaidi nchini Marekani. Ndani ni giza, maji yanatiririka, na barafu hukaa chini hata nje kukiwa na joto. Theluji inaweza kufunga njia hadi Juni. Mzee mwenye shida ya magoti au ya kupumua usimpeleke.

Ukishuka upande wa mashariki utafika Truckee, mji mzuri wa watalii wenye mikahawa. Baada ya reli, ulikuwa na mtaa mkubwa wa Wachina. Mwaka 1886 wakazi wa Kizungu waliwafukuza wote kwa kuwasusia: aliyewaajiri au kuwauzia kitu alitengwa naye. Unapokula chakula cha mchana pale, lijue hilo.

Promontory: sherehe na waliokosekana

Promontory ni tambarare ya nyasi kavu kaskazini mwa Ziwa la Chumvi, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Salt Lake City. Tarehe 10 Mei 1869, Central Pacific kutoka magharibi na Union Pacific kutoka mashariki zilikutana hapa. Hii ni hifadhi ya taifa, ina wafanyakazi wakarimu, vyoo, filamu ya maelezo, na vichwa viwili vya treni vilivyonakshiwa rangi nyekundu, buluu na shaba. Ukiwa na watoto, watapenda Promontory kuliko Donner, hilo sikufichi.

Lakini ujue unachokitazama. Vichwa vile vya treni ni nakala zilizotengenezwa 1979. Msumari wa dhahabu haupo. Uko kwenye jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Stanford. Hata reli za awali ziling'olewa mwaka 1942 ili chuma kitumike vitani. Cha asili hapa ni udongo: tuta la reli, makato ya miamba na tuta kubwa la kujaza bonde linaloitwa Big Fill, ambalo unaweza kulifikia kwa miguu. Watu wengi hutazama vichwa vya treni, wakapiga picha, wakaondoka. Usifanye hivyo. Tembea hadi Big Fill, kwani ndipo jasho la vibarua lilipo.

Thamani ya pekee ya Promontory ni kwamba inaonyesha jinsi watu wanavyofutwa. Picha mashuhuri ya siku ile, iliyopigwa na Andrew J. Russell, ina umati wa wanaume wakipeana mikono na kuinua chupa, na Wachina humo utawatafuta sana. Ilhali kundi la Wachina ndilo lililoweka reli ya mwisho mahali pake saa chache kabla. Siku 12 nyuma yake, tarehe 28 Aprili, Central Pacific ilitandika kilomita 16 za reli kwa siku moja ili kuushinda upande wa pili. Waireland wanane walionyanyua vyuma waliandikwa majina yao, na majina hayo yapo mpaka leo. Wachina waliobeba mataruma, kupigilia misumari na kushindilia kokoto siku ileile ni idadi tu.

Mwaka 1919, katika gwaride la miaka 50 mjini Ogden, wazee watatu wa Kichina waliofanya kazi kwenye reli ile walipandishwa garini: Ging Cui, Wong Fook na Lee Shao. Mwaka 1969, kwenye miaka 100, mwanahistoria Philip Choy wa San Francisco alikuja akitarajia kupewa dakika chache za kuwakumbuka wazee hao. Nafasi hiyo hakupewa, na waziri wa uchukuzi John Volpe akasimama kuuliza ni nani mwingine isipokuwa Wamarekani angeweza kuchimba mahandaki yale milimani. Wachina walioyachimba walikuwa wamekatazwa kuwa raia, na kuanzia 1882 hadi 1943 sheria ilikataza vibarua wa Kichina kuingia nchini. Ilibidi kusubiri 2019 ndipo Connie Young Yu, kitukuu wa mmoja wao, alipopanda jukwaani Promontory kuhutubia maelfu.

Kwa hiyo Promontory inaeleweka vizuri zaidi ukiwa umeshaona mlima. Ukianza nayo, rangi za vichwa vya treni zitakuteka.

Sacramento: pa kuanzia, si pa kuishia

Kuhusu jumba la makumbusho la Sacramento sitasema mengi, kwa sababu ni rahisi kulipenda na halihitaji kutetewa. Lilifunguliwa 1981, liko kwenye mji wa kale kando ya mto, hatua chache kutoka kituo cha treni. Tangu 2019 lina maonyesho maalumu kuhusu maisha ya Wachina wa reli, yaliyopangwa kwa kuzingatia utafiti wa karibuni. Mna kichwa cha kwanza cha Central Pacific, Gov. Stanford, na hiki ni chenyewe, si nakala. Pana lifti, pana kivuli, na mvua haikuhusu.

Udhaifu wake ni kwamba Wachina ni sehemu moja ya jumba kubwa lenye mabehewa ya kifahari na treni za kila zama. Usiingie bila mpango. Anza na maonyesho yao ukiwa bado na nguvu, ndipo uzunguke kwingine.

Asiye na gari ana njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii: treni ya abiria ya California Zephyr, kutoka Sacramento hadi Truckee. Inapanda Sierra kwa kufuata sehemu kubwa ya njia ileile waliyoichonga, ikipita karibu na genge la Cape Horn jirani na Colfax. Pale utasikia hadithi ya Wachina walioning'inizwa kwenye vikapu ili watoboe mwamba. Ichukue kwa tahadhari, kwa kuwa ushahidi wake kutoka wakati ule ni hafifu. Ubavu wa mlima uliokatwa kwa mkono unatosha bila vikapu. Kileleni treni hupita handaki jipya zaidi, hivyo lile namba 6 hutaliona.

Kwa walio Canada

Usipande ndege kwa ajili ya haya. Baadhi ya Wachina waliotoka reli za Marekani walikwenda British Columbia, ambako kati ya 1881 na 1885 Wachina wasiopungua 15,000 walijenga sehemu ngumu kuliko zote ya reli ya Canadian Pacific, ndani ya korongo la mto Fraser. Wasiopungua 600 walikufa. Reli ilipokwisha tu, mwaka uleule wa 1885, serikali ikaweka kodi ya kichwa ya dola 50 kwa kila Mchina anayeingia, ikafika 500 mwaka 1903. Waziri Mkuu Stephen Harper aliomba radhi bungeni mwaka 2006. Aliye Vancouver aende mji mdogo wa Yale na kulifuata korongo. Aliye Toronto anao mnara wa kumbukumbu katikati ya jiji, uliowekwa 1989, ingawa uko mbali sana na kazi yenyewe.

Basi uchague vipi?

Ukiwa na siku moja California, kati ya Julai na Septemba, na mnaosafiri wote mna afya: Donner, mtoke asubuhi na mapema, mvae viatu vya kushika na kila mtu awe na tochi yake. Ukiwa na siku mbili, ya kwanza itumie Sacramento, ulale Truckee, kisha upande mahandakini siku ya pili. Mpangilio huu ndio bora kuliko yote niliyoyataja. Kuanzia Novemba hadi Mei, au ukiwa na wazazi wazee na watoto wadogo, Sacramento pekee inatosha, na usijione umekosa.

Ndugu zetu wa Kongo na Burundi walio Salt Lake City na vitongoji vyake hawana sababu ya kwenda California kwanza, kwa kuwa Promontory iko karibu nao. Waende siku ya kawaida, si tarehe 10 Mei penye umati, wabebe maji na chakula kwa kuwa hakuna mkahawa. Mwenye gari la kuhimili njia mbaya na tangi lililojaa aendelee magharibi juu ya tuta la zamani, ambalo sasa ni barabara ya vumbi ya kilomita 145 hivi kuelekea Lucin. Njiani kuna Terrace, mji wa reli uliokufa, ambako Wachina walibaki miaka mingi baada ya sherehe wakitunza njia. Mwaka 2020 wanaakiolojia walianza kufukua pale mabaki ya nyumba yao. Ukiona vigae vya vyombo juu ya ardhi, viache hapohapo. Kuvichukua ni kosa kisheria, na wazao wao bado wanakuja kuvitazama.